Jinsi ya kumjua daktari atakayekupasua utumbo mpana

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Dar es Salaam, na wagonjwa wangu wengi ni wa tumbo: saratani ya utumbo mpana na ya puru (kipande cha mwisho cha utumbo huo, juu ya njia ya haja kubwa), utumbo uliojisokota, bawasiri sugu, nasuri (kijitundu kinachotoa usaha kando ya njia ya haja kubwa). Ndugu wa mgonjwa hunivuta pembeni kwenye korido na kuniuliza, "Sista, huyu daktari anaiweza kweli hii kazi?" Ni swali la haki kabisa, na unaweza kulijibu mwenyewe kabla hujasaini fomu ya ridhaa.

Anza na usajili, maana hauchukui muda. Daktari wa Tanzania Bara lazima awe kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika na leseni yake iwe hai. Zanzibar wana baraza lao, na Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari wa huko. Omba mapokezi majina kamili ya daktari, siyo "Dokta Juma" tu, kwa kuwa akina Dokta Juma wako wengi. Kisha angalia kama leseni haijaisha muda, na kama amesajiliwa kuwa bingwa, na wa fani gani.

Halafu soma zile herufi zinazofuata jina lake. MD ni shahada ya kwanza: hapa kwetu ni miaka 5 chuoni na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Kenya wana MBChB, miaka 6 chuoni. Aliyeishia hapo bado si bingwa. MMed ya upasuaji, yaani shahada ya uzamili, ndiyo inayompa ubingwa, au cheti cha FCS cha COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha, ambacho mafunzo yake hufanyika hospitalini kwa miaka 5. Hao wote ni mabingwa wa upasuaji wa jumla. Bingwa bobezi wa utumbo mpana na puru ni yule aliyeongeza mafunzo juu ya ubingwa huo. Marekani, kwa mfano, mtu hufanya upasuaji wa jumla miaka 5, ndipo anaongeza mwaka mzima wa utumbo mpana na puru peke yake.

Mabingwa bobezi wa namna hiyo ni wachache kwetu. Kwa hiyo usikatae daktari kwa sababu tu hana cheti hicho. Ndugu yako akivimba tumbo usiku, hapati choo wala hewa haitoki, na picha ikaonyesha utumbo umejisokota, bingwa wa upasuaji wa jumla aliye zamu ndiye mtu wako. Kusubiri bobezi hadi kesho kunaweza kuuozesha utumbo.

Saratani ya puru ni habari nyingine, na hapo nakuomba uwe mgumu. Puru imekaa ndani kabisa ya nyonga, mahali pembamba, karibu na kibofu, na kwa mwanamke karibu na uke. Imezungukwa na mafuta yenye tezi, na saratani hupenda kujificha humo. Mwaka 1982 daktari Mwingereza Bill Heald, wa Basingstoke, alieleza namna ya kuyatoa mafuta hayo yote pamoja na ngozi yake nyembamba bila kuichana, kwa kukata taratibu huku unaona, badala ya kuvuta kwa mkono kama ilivyozoeleka. Saratani kurudi palepale kukapungua sana. Vilevile mishipa ya fahamu ya mkojo na ya tendo la ndoa inapita pembeni mwa njia hiyohiyo ya kisu. Kwa hiyo muulize daktari waziwazi: "Saratani ya puru unaipasua mara ngapi kwa mwaka? Mafuta yanayoizunguka unayatoa yote?" Daktari anayeifanya kazi hii mara kwa mara hukaa akakuchorea kwenye karatasi. Akikasirika kwa kuulizwa, mimi ningetafuta maoni ya daktari wa pili.

Kuna vitu pia hutaviuliza, utaviona tu kwa macho. Cha kwanza ni kidole. Mtu amekuja analalamika damu kwenye choo, daktari akamwandikia dawa ya bawasiri bila kumpima kwa kidole njia ya haja kubwa: hapo hujapimwa. Nimewapokea wagonjwa waliotibiwa bawasiri miezi na miezi, kumbe uvimbe ulikuwa pale ambapo kidole kingeugusa. Najua aibu ilivyo, hasa kwa wazee wetu. Unaweza kuomba ndugu au muuguzi awepo chumbani, lakini usikubali kipimo kirukwe. Na wale wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme kwamba wanaondoa bawasiri kwa siku moja kwa sindano au dawa ya kuchoma, wapite mbali. Nimefunga vidonda wanavyowaachia wagonjwa.

Cha pili ni maandalizi. Kabla ya kisu cha saratani ya puru lazima kuwe na majibu ya kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe na kupimwa maabara, kipimo cha kamera cha utumbo wote ikiwezekana, picha ya CT ya kifua na tumbo, na picha ya MRI ya nyonga. Mara nyingi mionzi na dawa hutangulia ndipo upasuaji ufuate, kwa hiyo daktari mzuri hafanyi kazi peke yake. Uliza kama kesi yako imejadiliwa kwenye kikao pamoja na daktari wa saratani, wa picha na wa patholojia, yule anayepima vipande vya mwili maabara. Ukisikia "Tumeshaongea na wenzetu wa Ocean Road," yaani hospitali ya saratani ya hapa Dar es Salaam, hiyo ni dalili njema.

Cha tatu ni alama ya kalamu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ikiwa kuna uwezekano wa ncha ya utumbo kutolewa nje kupitia ngozi ya tumbo na mgonjwa kuvaa mfuko wa choo, mahali pake panachaguliwa kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa macho. Namwambia mgonjwa akae, asimame, ainame. Mama namwomba afunge khanga yake kama anavyofunga nyumbani, ili mfuko usije ukakaa chini ya fundo. Anayeswali namwomba arukuu na kusujudu, nione mkunjo wa tumbo unaangukia wapi. Mzee anayevaa mkanda, tunaangalia mkanda. Kisha naweka alama juu ya msuli, mbali na kitovu, makovu na mfupa wa nyonga, mahali ambapo mwenyewe anapaona bila kioo. Mfuko uliokaa kwenye mkunjo unavuja, ngozi inababuka, na mtu anaacha kwenda msikitini au kanisani, anaacha hata kupanda daladala. Ukiona siku ya upasuaji imefika na hakuna aliyekugusa tumbo kwa kalamu, sema. Omba kwa jina: "Naomba niwekewe alama ya mfuko."

Muulize pia kuhusu mshono kuvuja. Utumbo ukikatwa na kuunganishwa, kuna wakati kiungo kinaachia, hata kwa mikono mizuri. Hivyo anayesema kwake haijawahi kutokea simwamini. Unachotaka kusikia ni jinsi anavyoitambua mapema na nani yuko zamu usiku mapigo ya moyo ya mgonjwa yakianza kupanda.

Baada ya upasuaji, dai nakala ya majibu ya patholojia, usikubali kuambiwa tu "yako sawa". Tafuta mistari miwili: kingo za kipande kilichokatwa hazina saratani, na tezi zilizopatikana kwenye kipande hicho na kupimwa ni 12 au zaidi. Tezi zikiwa chache, huenda mionzi iliyotangulia imezipunguza, au kilichotolewa hakikutosha, au maabara haikutafuta vya kutosha. Peleka karatasi hiyo kwa daktari wako akueleze ni lipi kati ya hayo. Kabla hamjaagana akupe tarehe za kurudi: kipimo cha damu cha CEA, kinachosaidia kuona kama saratani inarudi, kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, na kamera ya utumbo baada ya mwaka 1. Ziandike kwenye daftari la kliniki palepale mezani kwake, na mwombe aweke saini.