Somo: Dawa za presha ya kupanda, kuanzia kupima hadi kumeza kila siku

Nafanya kazi duka la dawa. Kila wiki naletewa karatasi ya vidonge vya mwezi uliopita, nusu haijaguswa. "Nilijisikia vizuri, nikapumzika." Presha haiumi, ndugu zangu. Inaharibu mishipa, figo na moyo kimyakimya, na wengi huijua siku ya kiharusi.

Hatua ya 1: Pima vizuri. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kwa kawaida daktari huanza kuzungumzia dawa kipimo kikifika 140/90 au zaidi katika siku tofauti.

Hatua ya 2: Kijue kidonge chako. Amlodipini hulegeza mishipa ya damu. Haidroklorotiazidi huzifanya figo zitoe chumvi na maji, kwa hiyo meza asubuhi, la sivyo utakesha chooni. Enalaprili na losatani huzuia homoni inayobana mishipa. Ukiandikiwa dawa mbili usiogope kwamba umezidiwa. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi amlodipini ikiambatana na dawa ya pili hushusha presha vizuri.

Hatua ya 3: Saa ileile, kila siku. Wateja wangu nawaandikia siku kwa kalamu ya wino nyuma ya karatasi, J3, J4, J5, kila kidonge na siku yake. Ukiona J4 bado ipo na leo ni Alhamisi, unajua ulisahau. Usimeze viwili kufidia.

Hatua ya 4: Rudi upimwe baada ya wiki nne hivi, na ubebe vidonge vyako vyote.

Maswali ya wanakikundi

*Dada, mama anatumia amlodipini, vifundo vya miguu vimevimba. Aache?*
Mpe pole. Dawa hiyo huleta uvimbe, hasa dozi ya miligramu 10. Asiache mwenyewe, daktari atapunguza au kubadilisha. Akihema kwa shida, mpeleke hospitali leo hii.

*Tangu nianze enalaprili nakohoa kikohozi kikavu.*
Ni dawa hiyo, mara nyingi. Mwambie daktari, wengi huhamishiwa losatani.

*Mke wangu ni mjamzito na anameza losatani.*
Kaka, aende kliniki leo, usisubiri tarehe ya kadi. Losatani na enalaprili zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Zipo dawa za wajawazito, kama methildopa, na hospitali watambadilishia.

*Kitunguu swaumu kinatosha?*
Kiweke kwenye mboga, ila kidonge kibaki palepale. Chumvi ndiyo ya kupunguza: isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye vikolezo.

*Baba anameza kila siku, nashuhudia mwenyewe, lakini presha haishuki.*
Anameza nini kingine?

*Nimemuuliza. Diklofenaki ya magoti, mara mbili kwa siku. Ananunua dukani.*
Hiyo hupandisha presha na kuzibana figo. Aiache, atumie parasetamoli kwanza, na wiki hii umpeleke kwa daktari na hiyo karatasi ya diklofenaki mkononi.