Kabla ya Kuingia Barabarani Toscana: Mambo ya Kuzingatia kwa Matembezi ya Siku Moja kwa Gari

Siku tulivu ya kuzunguka vijiji vya Toscana, mkoa wa Italia, kwa gari ni siku yenye vituo vichache. Ukitazama ramani ukiwa Siena, Montalcino iko kilomita 40 hivi, Pienza kama 25 mbele yake, na Montepulciano 14 nyingine. Mtu akijumlisha na kuona hazifiki hata 80, anaongeza San Gimignano na Cortona siku hiyohiyo, na hapo ndipo siku inapoharibika. Barabara za huko hupanda na kushuka vilima, kona zinafuatana, na wakati wa mavuno ya zabibu, Septemba na Oktoba, unaweza kukaa nyuma ya trekta kwa dakika kumi bila nafasi ya kulipita. Piga hesabu ya kilomita 40 hadi 45 kwa saa. Kisha ongeza dakika 20 kwa kila mji, maana miji hii imejengwa juu ya vilima, magari hubaki nje ya kuta, na kilichobaki unakipanda kwa miguu.

Miji miwili na kituo kimoja kidogo vinatosha. Kwa siku ya kwanza tunapendekeza kutoka Siena kwa barabara ya SR2, yaani Cassia, kusini hadi San Quirico d'Orcia, mwendo wa saa moja bila haraka. Ukitoka hapo, shuka hadi Bagno Vignoni, kijiji ambacho katikati ya uwanja wake kuna bwawa kubwa la maji ya moto yanayotoka ardhini (kuoga humo hairuhusiwi), kisha malizia Pienza. Bonde hili lote, Val d'Orcia, limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2004. Pienza yenyewe iliingia mapema zaidi, 1996, kwa sababu Papa Pius II alianza mwaka 1459 kukijenga upya kijiji alikozaliwa ili kiwe mji wa kupigiwa mfano. Utauzunguka wote kwa saa moja na kubaki na muda wa kununua jibini lao la maziwa ya kondoo, pecorino.

Ratiba ya siku ifuate jiko. Mikahawa ya vijijini hupika chakula cha mchana kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu hivi, kisha jiko hufungwa mpaka saa moja na nusu jioni. Ukifika saa tisa ukiwa na njaa, utapata mkate na kahawa. Maduka mengi na makanisa nayo hufungwa mchana, na mikahawa huwa na siku moja ya kupumzika kila wiki, kwa hiyo piga simu siku moja kabla na uweke meza. Angalia pia saa ya jua kuzama: mwezi Juni kuna mwanga hadi karibu saa tatu usiku, lakini Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Giza likianza kuingia, nguruwe pori na paa huvuka barabara. Tarehe 2 Julai na 16 Agosti Siena ina mashindano ya farasi, Palio. Usiutumie mji huo kama kituo cha gari siku hizo.

Karatasi hushughulikiwa nyumbani. Leseni ya kimataifa ya udereva hutolewa na nchi iliyokupa leseni yako, na huwezi kuipata ukishafika Italia. Mwenye leseni ya nchi ya Umoja wa Ulaya haihitaji. Mwenye leseni ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo aiombe kabla ya kuondoka, na anayeishi Muscat kwa leseni ya Oman aiombe hukohuko. Haifanyi kazi peke yake, kwa hiyo beba na leseni ya asili. Kampuni za kukodisha magari kwa kawaida hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, na huzuia humo dhamana ya mamia ya euro au zaidi. Kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa pale kaunta, hata kama ndiyo uliyolipia mtandaoni.

Chagua gari dogo. Vichochoro na nafasi za kuegesha vilipimwa zamani, na gari pana litakutesa kila kituo. Kama hujazoea gia za mkono, taja mapema kwamba unataka automatiki, kwa sababu magari mengi ya bei nafuu ni ya gia za mkono. Kabla ya kusaini, lizunguke gari ukipiga video: rimu zote nne, kioo cha mbele, chini ya bampa. Fungua buti uhakikishe kuna pembetatu ya tahadhari na kizibao kinachoakisi mwanga, na utazame kama kuna tairi la akiba au kopo la povu tu la kuziba pancha. Soma bima kwa makini. Nyingi hazilipii tairi, vioo wala uvungu wa gari, na hivyo ndivyo vinavyoumia kwenye barabara nyeupe za changarawe, strade bianche, zinazoelekea nyumba nyingi za shambani. Humo nenda kilomita 30 kwa saa na uache nafasi kubwa nyuma ya gari lililo mbele. Mvua ikinyesha, udongo wa mfinyanzi wa kusini mwa Siena huteleza, kwa hiyo tafuta njia ya lami hata kama ni ndefu.

Dereva wa Rwanda, Burundi, Kongo au Oman amezoea kupita kulia. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda ajipe nusu saa ya mazoezi kwenye barabara tulivu kabla ya kuingia njia kuu. Klachi, breki na mafuta hukaa palepale, lakini gia inashikwa kwa mkono wa kulia, na kijiti cha indiketa kiko kushoto mwa usukani. Aliyezoea magari ya Kijapani atawasha waipa kila anapotaka kukata kona. Kosa la hatari zaidi halionekani: kwa kuwa umekaa kushoto, gari hujivuta kulia bila wewe kujua, na kioo cha pembeni au tairi hugusa ukuta au mtaro. Mpe abiria kazi ya kutazama upande huo siku ya kwanza. Kwenye kipilefti magari huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, hivyo tazama kushoto kwanza.

Sasa jambo linalowagharimu wageni kuliko yote: ZTL, maeneo ya katikati ya mji yaliyozuiliwa magari yasiyo na kibali. Firenze, Siena, Pisa na Lucca zote zinayo, na miji midogo mingi pia. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na chini yake saa za katazo. Palipo na kibao cha umeme, maneno "varco attivo" yana maana kwamba katazo linafanya kazi sasa. Hakuna geti wala askari. Kamera hupiga picha ya namba ya gari na basi. Faini huzidi euro 80, na ukipita kamera mbili unaweza kutozwa mara mbili. Kampuni ya gari nayo hukata ada yake kwa kutoa jina lako, na barua inaweza kukufikia miezi mingi baadaye. Ramani ya simu inaweza kukupitisha humo bila kukuonya, kwa hiyo usiandike jina la mji kama mwisho wa safari. Andika jina la maegesho mahususi yaliyo nje ya kuta. Kama hoteli yako iko ndani, wape namba ya gari mapema waiandikishe, na uwaombe wathibitishe kwa maandishi.

Ukifika maegesho, soma rangi. Mistari ya buluu ni ya kulipia kwenye mashine, myeupe ni ya bure, ya njano ina wenyewe. Kwenye kibao, nyundo mbili zilizopishana humaanisha siku za kazi, Jumamosi ikiwemo. Msalaba humaanisha Jumapili na sikukuu. "8-20" ni saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Ukiona picha ya diski, weka diski ya saa, yaani kadi yenye sura ya saa, nyuma ya kioo cha mbele ikionyesha muda uliofika. Tafuta pia kibao cha siku ya usafi wa barabara au ya soko, kwa maana siku hiyo gari huvutwa.

Mafuta yana mtego mmoja: "gasolio" ni dizeli. Petroli ni "benzina". Linganisha alama ya pampu na ile iliyo ndani ya kifuniko cha tangi: duara lenye E5 au E10 ni petroli, mraba wenye B7 ni dizeli. Pampu ya "servito" ina mhudumu na bei ya juu. Ya "self" unajaza mwenyewe. Vituo vya vijijini hufungwa mchana na Jumapili, na hapo unalipa kwanza kwenye mashine, kisha unachagua namba ya pampu. Mashine hairudishi chenji. Usiache tangi lishuke chini ya robo.

Mwendo wa juu ni kilomita 130 kwa saa kwenye autostrada, yaani barabara kuu ya kasi, 110 mvua ikinyesha, 90 kwenye barabara za kawaida nje ya miji, na 50 kuanzia kibao cheupe chenye jina la mji. Nje ya miji taa ziwake hata mchana. Mabango ya kijani yanakupeleka kwenye autostrada ya kulipia, ya buluu kwenye barabara za kawaida. Kwenye autostrada unachukua tiketi unapoingia na kulipa unapotoka. Kaa mbali na njia ya njano ya Telepass, ya wenye kifaa cha kulipa tozo bila kusimama, na ukiingia kwa bahati mbaya usirudi nyuma, bonyeza kitufe cha msaada usubiri. Kiwango cha pombe ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na ni sifuri kwa mwenye leseni isiyofikisha miaka mitatu, kwa hiyo dereva anunue Brunello, mvinyo mwekundu wa huko, Montalcino na aifungue jioni, gari likiwa limeshaegeshwa. Ajali au mgonjwa, piga 112.

Siku ya kurudisha gari jaza tangi karibu na ofisi, piga picha ya geji na kilomita, upige video tena ya gari zima, na utunze risiti za maegesho na tozo kwa mwaka mzima. Ikija barua ya faini unayoikubali, kulipa ndani ya siku tano tangu kuipokea mara nyingi hupunguza asilimia 30.