Kununua mashine ya kuchomelea iliyotumika, na rodi za kuanzia

Mashine ya kuchomelea iliyotumika usiinunue kwa kuona taa inawaka na feni inazunguka. Hali ya koili zake utaijua rodi ikiwa inayeyuka. Ndiyo maana nikienda kukagua nabeba rodi kavu, kipande cha bamba la milimita 5, ngao ya uso, glovu na mita ya umeme. Muuzaji asiyetaka niichomelee mbele yake, namshukuru naondoka.

Anza na kibati chenye maandishi, aghalabu kiko nyuma. U1 ni umeme unaoingia: kama una laini ya fezi moja, hakikisha si mashine ya volti 380 au 400, maana za karakana nyingi ni za fezi tatu. U0 ni volti zinazotoka kabla rodi haijagusa chuma. Zikiwa chini ya 50, baadhi ya rodi zitakataa kuwaka vizuri, hasa aina ya 7018. I2 ni ampea za kuchomelea. X, yaani muda wa kuchomelea kabla ya kuipumzisha mashine, watu huiruka, nami huisoma kwanza kabisa. Ikiandikwa 20% kwenye ampea 140, maana yake katika kila dakika 10 unachomelea 2, kisha unaiacha ipoe 8. Kwa kujifunza inatosha. Kwa kazi ya kutwa, tafuta nyingine.

Transfoma au inveta? Ikiwa imetumika, mimi nachukua transfoma. Ni nzito, inanguruma, lakini ndani mna koili, chuma na swichi tu, na fundi yeyote mwangalifu anaweza kuitengeneza. Inveta, inayofanya kazi kwa bodi ya elektroniki, ni nyepesi na moto wake wa kuchomelea ni mtulivu zaidi, ila vumbi la grainda likishaingia kwenye bodi hiyo, gharama ya kuitengeneza inaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Na usitie mkono ndani ya inveta hata ukishachomoa plagi: kapasita zake hubaki na umeme.

Sasa inusa. Harufu ya vanishi ya koili iliyoungua kwenye matundu ya hewa ni dalili mbaya kuliko kutu yoyote. Kunja nyaya nene karibu na holda na klampu. Mpira uliokakamaa na kupasuka unaonyesha waya umekuwa ukichemka kwenye maungio. Nyaya zinabadilishika, kwa hiyo hilo ni la kupunguziwa bei tu. Lisilo na maelewano ni hili: plagi ikiwa imechomolewa na swichi iko kwenye kuwasha, pima kwa mita kati ya pini za umeme na kasha la chuma la mashine, kisha kati ya pini hizo na matundu ya kutolea umeme wa kuchomelea. Pote pasiwe na mawasiliano ya umeme. Halafu pima pini ya ethi ya plagi na kasha hilo: hapo lazima yawepo. Ikishindwa kipimo kimojawapo, iache hapohapo.

Ikipita, choma. Rodi ya milimita 2.5 kwenye ampea 80, choma rodi kadhaa mfululizo bila kuzidi ile X. Punguza na ongeza ampea uone kama moto unabadilika kweli. Ukimaliza, zima na uguse maungio ya nyaya kwa tahadhari: linalochemka kuliko mengine limelegea au limeungua.

Nyumbani, usiichomeke kwenye soketi ya kawaida ya ukutani ukitegemea bahati. Soma I1, yaani ampea zinazoingia, kwenye kibati, fundi umeme akuwekee laini na breka ya kutosha. Ukitumia waya wa kuongezea, uwe mnene, na ukunjue wote. Ulioviringishwa unapata joto.

Rodi ya kuanzia ni aina ya 6013, milimita 2.5, kwenye bamba la milimita 4 hadi 6, ampea 70 hadi 80. Safisha chuma kwa grainda mpaka king'ae, pamoja na pale inapobana klampu. Chuma kilichopakwa zinki kiache kabisa kwa sasa, moshi wake unaleta homa. Wala usisafishe kwa dawa za breki zenye klorini: mwanga wa moto huugeuza mvuke wake kuwa gesi ya sumu. Kioo cha ngao kiwe namba 10 au 11, mikono ifunikwe yote, na anayekutazama naye awe na ngao.

Washa rodi kwa kuikwaruza kama njiti ya kiberiti, kisha inyanyue kidogo, umbali sawa na unene wa rodi yenyewe. Ilaze kama nyuzi 15 kuelekea unakokwenda, uivute. Ikinata, izungushe ing'oke, au fungua holda uiachie, ngao ikiwa bado usoni.

Hapa ndipo uchomeleaji ulipo: acha kutazama mwanga. Tazama nyuma yake kidogo, utaona vitu viwili. Mbele kuna chuma kilichoyeyuka, kinang'aa na ukingo wake ni wa mviringo. Juu yake na nyuma yake linaelea gamba, yaani ganda la rodi lililoyeyuka, linateleza na kutikisika. Mwendo wako uongozwe na ule ukingo. Gamba likianza kukimbilia mbele ya moto, mwendo ni wa polepole mno, au rodi imelala vibaya, au ampea ni chache, na litafukiwa ndani ya chuma.

Likipoa ligonge ukiwa umevaa miwani, lisuguliwe kwa brashi ya waya. Mstari ulioinuka kama kamba haukushika: ongeza ampea. Wenye kingo zilizoliwa: punguza ampea, au fupisha moto kwa kusogeza rodi karibu zaidi na chuma.

Ukipata mistari inayofanana, simamisha bamba moja juu ya jingine, unganisha upande mmoja tu, libane kwenye jiliwa na ulipige nyundo likunjikie upande uliounganishwa mpaka livunjike. Angalia ndani ya mvunjiko. Ukiona ukingo wa bamba bado mnyoofu kama ulivyokatwa, au madoa ya gamba kwenye kona, ongeza ampea 5 hadi 10, sogeza moto ndani ya kona, urudie na vipande vipya.