Kabla Hujafungua Darasa la Uzamili Mtandaoni

Mwanafunzi wa uzamili mtandaoni haagi. Anaacha kuingia, basi. Huyu ni mwalimu wa sekondari Kigoma, mhasibu Mombasa, au muuguzi wa zamu Muscat. Kazi ikibana au mtoto akiugua, kozi ndiyo ya kwanza kuwekwa kando. Ndiyo maana kwangu maandalizi ya mkufunzi huanzia hapa: utajuaje kwamba mtu ameanza kupotea, na utamwambia nini?

Kama chuo kinatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, huna haja ya kubahatisha. Orodha ya washiriki ina safu inayoonyesha kila mmoja aliingia lini mara ya mwisho kwenye kozi. Tenga siku moja ya wiki ya kuikagua, na ujumbe wa kumtumia aliyekaa kimya uuandike kabla muhula haujaanza, ukiwa bado na subira. Uwe mfupi, wa mtu mmoja, usio na lawama: "Habari za kazi? Sijakuona kwenye mjadala wa wiki hii. Kama umebanwa, soma kurasa tano za mwanzo tu, kisha niandikie ulipokwama." Tangazo la "wanafunzi wote mnakumbushwa" halimrudishi mtu, maana kila mmoja hudhani anasemwa mwenzake.

Suala la saa huonekana dogo hadi siku ya kukusanya kazi. Lubumbashi iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, Muscat iko mbele kwa saa moja. Chuo kikiwa Uingereza, tofauti ni saa 3 wakati wao wa baridi na 2 wakati wa kiangazi, kwa sababu hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Usiandike "Jumapili saa 6 usiku": mmoja ataelewa usiku wa kuamkia Jumapili, mwingine wa kuamkia Jumatatu. Taja tarehe, andika 23:59, sema ni saa za wapi. Bora zaidi, mwisho uwe mchana wa siku ya kazi, mtu wa TEHAMA akiwa ofisini.

Halafu bando. Maelezo ya sauti ya dakika 10, yakihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hayafiki MB 5. Yaleyale kwa video yanakula mara nyingi zaidi. Pitia somo lako lote kwa simu, waifai ukiwa umeizima, kabla ya kulifungua kwa wengine.

Muda mwingi utumie kwenye kazi ya kwanza, hata kama ina alama chache. Hapo ndipo mtu aliyekaa miaka kumi bila kuandika insha anapoamua kama atabaki. "Fafanua zaidi" haimsaidii. Mwandikie: "Aya ya tatu inasema walimu wamekata tamaa. Nani kasema? Jedwali lako la 2 linaonyesha walioomba uhamisho, anzia hapo." Masahihisho ya namna hii yanakula muda, kwa hiyo kabla hujakubali idadi ya wanafunzi, piga hesabu: dakika thelathini kwa kila mmoja, mara wangapi? Jibu likikutisha, zungumza na mratibu sasa. Sheria ya kutumia akili mnemba nayo itangazwe kabla ya kazi hii, pamoja na mfano wa kinachoruhusiwa.

Tasnifu iko mbali, lakini vibali havisubiri. Anayekusanya data Kenya atahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tanzania, utafiti wa afya una njia yake kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Weka hatua hizo kwenye kalenda ya kozi tangu mwanzo.

Kundi la WhatsApp litaanzishwa utake usitake. Liache liwe baraza lao, ila tarehe, alama na mabadiliko yoyote vitoke kwenye ukurasa wa kozi pekee, na uwaambie hivyo siku ya kwanza.