Kubashiri Uamuzi wa Mtu: Anza na Mwenendo, Kisha Ubongo

Mwaka 2008, Chun Siong Soon, John-Dylan Haynes na wenzao nchini Ujerumani walichapisha jaribio ambalo ndani yake watu 14, wakiwa wamelala kwenye mashine ya MRI (inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku), walibonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia kila walipojisikia. Kwa kusoma mabadiliko ya damu katika ubongo, hasa sehemu yake ya mbele kabisa, watafiti walibashiri kitufe kitakachochaguliwa sekunde kadhaa kabla mhusika hajatambua kwamba ameamua. Usahihi wao ulikuwa karibu asilimia 60, ilhali anayekisia tu hupata 50. Mwaka 2012, Martin Lages na Katarzyna Jaworska walionesha kwamba usahihi unaokaribiana na huo hupatikana bila kupima ubongo kabisa, kwa kuangalia tu vitufe ambavyo mtu alibonyeza katika zamu zilizotangulia. Kwa maoni yangu, anayetaka kubashiri uamuzi wa mtu aanzie kwenye matokeo hayo mawili.

Kwanza, chagua uamuzi wenye mwisho ulio wazi, kama vile kununua au kutonunua bidhaa iliyooneshwa kwenye skrini pamoja na bei yake, kisha uandike kabla ya kukusanya data ni sekunde ipi hasa utakayobashiria. Chochote kilichopimwa baada ya sekunde hiyo hakiruhusiwi kuingia katika ubashiri.

Pili, kusanya mwenendo kwa uangalifu uleule utakaoutumia kwa ubongo, kwa maana hapa ndipo wengi hufanya haraka isiyo na sababu. Rekodi chaguo la kila zamu, muda ambao mshiriki alichukua kujibu, na, ukiwa na kifaa cha kufuatilia macho, mahali alipotazama na kwa muda gani. Watu wanaoombwa kuchagua bila mpangilio hubadilisha upande mara nyingi kuliko sarafu inayorushwa, kwa hiyo chaguo lililopita lina habari kuhusu lijalo. Muda wa kujibu nao huwa mrefu pale vitu viwili vinapokaribiana kwa thamani machoni pa mchaguaji, na kitu kilichotazamwa zaidi mara nyingi ndicho huchaguliwa. Tengeneza modeli ya kwanza, yaani hesabu ya kompyuta inayojifunza kubashiri, kwa data hizi peke yake, uhifadhi usahihi wake, maana ndio kipimo ambacho ubongo utapaswa kukivuka.

Tatu, chagua chombo cha kupimia ubongo kulingana na swali lako. Elektrodi zinazobandikwa kichwani husoma mabadiliko ya umeme kwa milisekunde lakini hazioneshi vizuri yanakotoka, wakati MRI huonesha mahali kwa usahihi wa milimita chache ila hufuata mtiririko wa damu, ambao hufikia kilele takriban sekunde 5 baada ya seli kufanya kazi. Ucheleweshaji huo lazima uhesabiwe kabla ya kudai kwamba ishara ilitangulia uamuzi. Kuna mtego mwingine unaonisumbua zaidi: tangu miaka ya 1960, Hans Kornhuber na Lüder Deecke walipoeleza wimbi la umeme linalopanda kabla ya mtu kusogeza kidole kwa hiari yake, tunajua kwamba maandalizi ya mkono yanaonekana kwenye ubongo. Ikiwa “ndiyo” iko mkono wa kulia siku zote, modeli yako inaweza kuwa inabashiri mkono tu. Badilisha pande bila mpangilio, na umwoneshe mshiriki kitufe cha “ndiyo” baada tu ya muda wa kuamua kupita.

Nne, gawa data kabla ya kuzigusa. Zamu zilizotumika kuifunza modeli, au hata kuchagua sehemu ya ubongo ya kuangalia, zisitumike kuipima, na zamu zilizofuatana zikae kundi moja kwa sababu zinafanana. Iwapo unadai kubashiri watu wapya, weka kando data zote za baadhi ya washiriki, uzitumie kuipima modeli tu.

Tano, usiiamini asilimia kabla ya kuhesabu bahati. Katika zamu 20 zenye chaguo mbili, anayekisia hupatia 12 au zaidi takriban mara moja katika kila nne, kwa hiyo asilimia 60 hapo haina uzito. Katika zamu 100, kufikia 60 au zaidi kwa bahati hutokea karibu mara 3 tu katika kila 100. Ikiwa mshiriki alikataa kununua katika zamu 70 kati ya 100, kiwango cha kuanzia kwake si 50, bali 70. Njia ninayoipendelea ni kuchanganya majibu ovyo mara 1,000, kurudia uchambuzi wote kila mara, na kuona usahihi wako wa kweli unaangukia wapi kati ya matokeo hayo ya bahati.

Mwishoni linganisha modeli tatu kwa zamu zilezile: ya mwenendo, ya ubongo, na ya vyote viwili. Brian Knutson na wenzake, mwaka 2007, waliona kwamba kiini cha ubongo kinachohusika na matarajio ya thawabu kiliamka kwa bidhaa inayopendwa, na insula, sehemu iliyojificha ndani ya ubongo, kwa bei iliyozidi. Vipimo hivyo viliongeza kitu juu ya maelezo ya washiriki wenyewe, ingawa ni kidogo. Nyongeza ya namna hiyo ndiyo ya kuripoti, pamoja na matokeo ya kila mshiriki, wakiwemo wale ambao modeli ilishindwa kuwabashiri.