Jinsi ya Kuweka Idhini ya Mtu Ndani ya Mtiririko wa Programu Wakala

Tuchukue mfano wa AMCOS (chama cha ushirika cha kuuza mazao) ya wakulima wa parachichi wilayani Rungwe: programu wakala moja, yaani programu inayojiendesha kutekeleza kazi iliyopewa, inasoma stakabadhi za mizani, ya pili inakokotoa malipo ya kila mkulima, na ya tatu inatuma fedha kwenye simu zao. Kati ya ya pili na ya tatu lazima asimame mtu: katibu wa chama.

Anza kwa faili moja la YAML, yaani maandishi ya kawaida yaliyopangwa kwa mistari, linalotaja kila hatua, mtekelezaji wake na hatua inayoifuata. Faili hilo linatamka kinachotakiwa kitokee, na injini ya mtiririko, yaani programu inayoendesha hatua hizo kwa mpangilio, ndiyo inayotafuta namna ya kukitimiza. Kwa hiyo hata katibu asiyejua kuandika programu anaweza kulisoma na kuona mahali cheo chake kilipotajwa. Lihifadhi kwenye Git, mfumo unaotunza kumbukumbu ya kila badiliko la faili.

Hatua ya idhini ndiyo inayodai uangalifu kuliko zote. Mtiririko ukifika hapo, injini ihifadhi hali yake yote kwenye hifadhidata kisha isubiri, kwa kuwa katibu anaweza kuwa shambani siku nzima, na umeme wa Tukuyu, mji wa wilaya hiyo, ukikatika wakati wa mvua, kazi inapaswa kuendelea pale ilipoishia. Idhini yenyewe ifungamanishwe na orodha ileile aliyoiona: kokotoa heshi ya SHA-256 ya orodha hiyo (alama fupi inayobadilika orodha ikibadilika hata kidogo), ihifadhi pamoja na jina la aliyeidhinisha na saa, na programu ya malipo iilinganishe na heshi ya orodha inayotaka kuilipa kabla ya kutuma chochote. Ikibadilika hata shilingi moja, idhini ibatilike na katibu aulizwe upya. Nalisisitiza hili kwa sababu ni rahisi mno kuidhinisha hatua bila kuidhinisha kilichomo ndani yake, na fedha hizo ni jasho la watu.

Muda wa kusubiri ukipita, tuseme saa 24, ombi lipelekwe kwa mwenyekiti. Kimya kisihesabiwe kuwa ridhaa kamwe. Kila malipo yapewe namba ya pekee, ili mtandao ukikatika na programu ikajaribu tena, mkulima asilipwe mara mbili.

Kwenye skrini ya katibu, tanguliza malipo yaliyotofautiana sana na ya mzigo uliopita, maana mtu akiletewa majina mia nne kwa mpigo ataishia kubonyeza tu.

Kabla ya msimu, jaribu kwa malipo ya majaribio: zima kompyuta katikati ya kusubiri, badilisha kilo moja baada ya idhini, kisha bonyeza kitufe cha kuidhinisha mara mbili.