Wakati Uliopita Timilifu wa Kiingereza: Uutumie Lini, Uuache Lini

Muundo wenyewe si mgumu. Kiingereza huchukua kitenzi kisaidizi "had", ambacho hakibadiliki awe mtendaji ni mmoja au ni wengi, kisha hukifuatisha na umbo la tatu la kitenzi, yaani lile la safu ya mwisho katika jedwali tulilokaririshwa shuleni: "go, went, gone", "see, saw, seen", "write, wrote, written". Hivyo husemwa "I had gone", "she had seen", "they had not written". Kinachowasumbua wanafunzi wengi, hata waliofaulu mitihani, ni kujua mahali panapohitaji umbo hilo na mahali pasipolihitaji.

Kanuni ya msingi ni kwamba pawe na nyakati mbili zilizopita, moja ikiitangulia nyingine. Linganisha "When I reached the bus stand, the bus had left" na "When I reached the bus stand, the bus left." Katika sentensi ya kwanza basi lilikuwa limekwisha kuondoka na hukuliona kabisa, ilhali katika ya pili ulifika stendi, ndipo basi likaondoka, pengine huku ukilikimbilia. Kwa hiyo, kabla ya kuandika "had", jiulize: kabla ya nini? Jibu likipatikana katika sentensi hiyohiyo au katika zile zilizoitangulia, umbo hilo lina nafasi yake. Jibu lisipopatikana, wakati uliopita wa kawaida unatosha.

Swali hilo hufichua kosa linalosikika mara kwa mara kwetu Afrika Mashariki: "I had gone to town yesterday." Msemaji hakusudii zaidi ya kueleza kwamba jana alikwenda mjini, lakini msikilizaji Mwingereza hubaki akingoja sehemu ya pili ya habari, kwa sababu kwake "had" inaahidi kwamba kuna jambo jingine lililofuata. Inatosha kusema "I went to town yesterday." Wapo pia wanaodhani kwamba umbo hili ni la mambo ya kale sana. Umbali wa wakati hauhusiki hata kidogo: "Tanganyika became independent in 1961" haihitaji "had" japokuwa miongo mingi imepita, ilhali "I had just sat down when the phone rang" inaweza kueleza jambo la dakika mbili zilizopita.

Kiswahili chetu hutusaidia hapa, kisha hututega. Hutusaidia kwa sababu tuna muundo unaokaribiana sana na huo: "Tulipofika, mgeni alikuwa ameondoka" ni "When we arrived, the guest had left", na "alikuwa hajala" ni "he had not eaten yet". Mtego umo katika vitenzi vya mkao, mavazi na hali ya mwili au moyo, ambavyo kwetu huchukua "-me-" ingawa hueleza hali inayoendelea kuonekana. "Alikuwa amelala" kwa Kiingereza ni "she was asleep", "alikuwa amesimama mlangoni" ni "he was standing at the door", na "alikuwa amekasirika" ni "he was angry". Anayetafsiri "alikuwa amevaa kofia nyekundu" kwa "he had worn a red cap" amesema jambo jingine kabisa, yaani kwamba kofia hiyo ilivaliwa wakati fulani wa nyuma na huenda haikuwapo kichwani wakati unaosimuliwa. Katika barua kwa rafiki tofauti hiyo haidhuru sana, lakini katika maelezo ya shahidi inaweza kuleta mashaka makubwa. Ikiwa hali unayoieleza ilikuwa ikionekana kwa macho wakati uleule, andika "he was wearing a red cap".

Upo mtego wa upande wa pili, nao unahusu muda. Sisi husema "alikuwa akifanya kazi bandarini kwa miaka saba alipohamishwa", na kwa kuwa "alikuwa akifanya" inafanana na "he was working", wengi huishia hapo. Kiingereza hakikubali, kwa sababu muda unapohesabiwa kutoka nyuma hadi kufikia wakati fulani uliopita, hutakiwa "He had been working at the port for seven years when he was transferred." Vitenzi kama "know" na "own", ambavyo kwa kawaida havichukui "-ing", hubaki katika umbo fupi: "We had known each other for years."

Kuhusu "kabla", maelezo machache yanatosha. Kiswahili hukanusha, "kabla hajafika", ila ukanushaji huo haupiti kwenda upande wa pili, hivyo ni "before he arrived" na kamwe si "before he had not arrived". Aidha, kwa kuwa maneno "before" na "after" yenyewe huonyesha lipi lilitangulia, "had" huwa hiari: "After she finished cooking" na "After she had finished cooking" zote ni sahihi, na katika mazungumzo ya nyumbani ile ya kwanza ndiyo nyepesi zaidi.

Katika usimulizi, matukio yanayofuatana kwa mpangilio wake, yale ambayo sisi tungeyapitisha kwa "-ka-", hayahitaji "had": "I woke up, made tea and left." Umbo timilifu huingia pale tu msimulizi anaporudi nyuma. Hata hapo, waandishi wazuri wa Kiingereza hulitumia mara moja au mbili kufungua mlango wa habari ya zamani, kisha huendelea na wakati uliopita wa kawaida, kwa kuwa msomaji amekwisha kuelewa alipo. Aya yenye "had" katika kila kitenzi huchosha, hata kama haina kosa la sarufi.

Masikioni, tatizo ni kwamba "had" mara nyingi hufupishwa ikabaki "'d", sawa kabisa na ufupisho wa "would". Tazama kitenzi kinachofuata: "I'd seen" ina umbo la tatu, kwa hiyo ni "had", na "I'd see" ina umbo la kwanza, kwa hiyo ni "would". Vitenzi kama "come" na "put", ambavyo umbo la kwanza na la tatu hufanana, huamuliwa na muktadha peke yake. Usishtuke pia kukuta "had had", kwa mfano "I had had lunch", ambapo "had" ya pili ndiyo kitenzi kikuu.

Sentensi za masharti zina utaratibu wao. Kile tunachokisema kwa "-ngali-", "Ningalijua, ningalikuja", Kiingereza hukisema "If I had known, I would have come", na mdomoni huwa "If I'd known, I'd have come", ambapo "'d" ya kwanza ni "had" na ya pili ni "would". Hapa "had" inaonyesha kwamba jambo halikutokea, na ndivyo ilivyo katika majuto ya "I wish I had listened". Wamarekani wengi husema pia "If I would have known", lakini katika mtihani au barua rasmi ni salama zaidi kuiepuka. Karibu na matumizi hayo kuna "We had planned to travel on Friday", ambayo kwa kawaida humdokezea msikilizaji kwamba safari imevunjika kabla hujamweleza sababu.

Maneno ya mtu mwingine nayo husogezwa nyuma: aliyesema "I paid the rent" na aliyesema "I have paid the rent" wote huripotiwa kwa "She said she had paid the rent", ingawa katika maongezi ya kawaida "She said she paid" husikika sana.

Kwa mazoezi, chukua ukurasa uliouandika mwenyewe, ufute kila "had" ya aina hii na urudishe kitenzi katika wakati uliopita wa kawaida, kisha usome upya kwa sauti. Irudishe pale tu mfuatano wa matukio ulipovurugika, muda ulipopoteza maana, au sharti lilipogeuka kuwa jambo lililotokea kweli.